Sala Ndefu ya Innocent Chini ya Taa za Kaskazini

Nimechoka kuulizwa. Tangu turudi, kila kichwa kinachoketi kwenye kiti changu cha kusukia hapa Troyeville kinaleta swali lilelile kabla hata sijashika kitana: "Eish, sista Furaha, mliziona zile taa ama hamkuziona?" Nikisema tuliziona, mnataka picha. Nikisema hatukuziona, mnanicheka. Nikisema jibu ni refu, mnaniambia rasta nazo ni ndefu, muda upo. Basi naandika mara moja, msome wote, mniache nisuke. Sharti langu ni moja: asitokee mtu wa kumpelekea kaka yangu Innocent maandishi haya. Sababu mtaiona mwishoni.

Kwa asiyetujua, sisi ni watu wa Goma. Mimi na Mama tunakaa hapa Troyeville, Johannesburg, ghorofa ya juu, kwenye ile nyumba yenye ngazi za chuma. Innocent yuko Norwe, kaskazini kabisa. Alipelekwa huko akitokea kambi ya wakimbizi, wakati sisi tulikuwa tumeshashika njia ya kusini. Tulipoachana alikuwa kijana asiye na ndevu, sasa ana mvi. Miaka yote hiyo Mama alimwona kwenye simu tu, na kwenye simu Innocent hatulii. Mara anatembea, mara anakoroga chungu, mara mtandao unamkata uso vipande vipande.

Tena Mama ana presha ya macho. Daktari wa hapa alimwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitakwenda taratibu. Kwa sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kitu kikitulia mbele yake anakiona vizuri, hata uzi kwenye sindano, lakini kikitembea kinampotea. Wanasema macho hayana pazia. Ya Mama yanalo, na linafungwa polepole.

Maneno ya taa aliyaleta Innocent. Kila akipiga simu: "Mama, huku mbingu inawaka kama kule kwetu." Mtu wa Goma ukimwambia hivyo umemshika moyo, maana sisi tumekulia chini ya mlima wa moto. Giza likishaingia, wingu lililokaa juu ya Nyiragongo lilikuwa jekundu, na Mama alitoka uani akaita, "Mulima umewasha taa, muingie ndani!" Hatukuuogopa. Wekundu ule ulikuwa saa yetu, na ulikuwa taa yetu ya kwendea choo, kwa sababu choo kilikuwa nje na umeme ulikuwa wa bahati. Hata mlima uliposhuka mjini na kupita juu ya nyumba yetu, Mama hakuuchukia. Alisema ulichoka kukaa peke yake.

Kwa hiyo alipojua macho yake yanakwenda wapi, alisema anataka kuiona mbingu ikiwaka mara moja tena kabla hayajazimika. Innocent akajibu, "Njooni, kila kitu ni juu yangu." Habari za visa na makaratasi siwasimulii, mtalia bure.

Troyeville mpaka uwanja wa ndege

Ilikuwa Januari, joto la kuyeyusha mafuta ya nywele kwenye kopo. Mama alikuwa amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, kwa sababu sanduku lilikuwa limejaa chakula na koti likivaliwa halipimwi kwenye mzani. Mnajua desturi yetu. Huendi kwa mtu mikono mitupu, sembuse kwa mwanao. Tulibeba unga wa muhogo, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyokaushwa, pilipili za kusaga, na juu ya vyote makayabu, wale samaki wa chumvi wagumu kama ubao, tuliowanunua kwenye duka la Wakongomani wenzetu. Mama alikuwa ameshikilia hilo. "Mutoto amekaa kwa Wazungu miaka yote hii," alisema. "Nani alimupa makayabu?"

Dereva aliyetuchukua alikuwa baba mmoja Mzulu, mpole, ila hatukufika mbali kabla hajafungua madirisha yote manne. Samaki alikuwa anajitambulisha. Pale Jeppestown tulikwama. Umeme ulikuwa umekatika na robot zote, taa za kuongoza magari, zilikuwa zimekufa, kila gari inajipa haki ya kupita. Akauliza tunaenda wapi na makoti hayo. Nikamwambia Norwe, kuangalia taa zinazowaka angani.

"Eish, gogo," akamwambia Mama kwa Kiingereza, kwa lile neno la Kizulu la kumwita bibi, akitikisa kichwa, "mnapanda ndege kwenda kutazama taa? Na hapa hata robot tumekosa!"

Nikamtafsiria Mama. Alicheka mpaka akajifuta macho. Alisema mtu huyu angefaa kuwa wa Goma.

Addis Ababa

Addis tulitakiwa kukaa kidogo tu, tukakaa mpaka tukajua vigae vya sakafu. Ukungu ulikuwa umefunga, ndege haziruki. Mimi mnanijua, subira si fungu langu. Nilikwenda dirisha la kuuliza mpaka yule dada wa pale akaanza kujificha akiniona.

Niliporudi kutoka safari mojawapo ya kugomba nilimkuta Mama amezungukwa. Mama mmoja Mwethiopia aliyeketi karibu alikuwa amemwona anatoka jasho ndani ya makoti mawili, akaamua huyu ni mgonjwa mahututi. Hawakuwa na lugha moja. Mama alikuwa anamweleza kwa Kiswahili habari za sanduku na mzani, na kila alivyoeleza yule mama alizidi kumpepea kwa shali na kuita watu. Wahudumu wakaja na kiti cha magurudumu, na maji, na chai.

"Furaha, waambie miguu yangu ni mizima," Mama alilalamika.

Niliwaambia, hawakuamini. Wakamkalisha, wakamsukuma hadi chumba cha kupumzikia chenye viti laini, na mimi nikafuata nyuma nikibeba mifuko kama mtumishi. Yule mama Mwethiopia alituletea mkate wake wa nyumbani, mzito na wenye harufu nzuri ya viungo, akakaa nasi akimshika Mama mkono mpaka tukaitwa. Waliagana kwa machozi, watu wasioelewana neno hata moja. Kuanzia hapo Mama hakutaka tena kutembea kwenye uwanja wowote wa ndege. Alisimama tu mlangoni, akajifunga koti, akangoja kusukumwa.

Oslo

Oslo tulifunguliwa sanduku. Afisa wa forodha, mwanaume mrefu mwenye ndevu nyekundu, alitoa sombe akainusa, akatoa unga akauminya, kisha akafika kwenye makayabu. Mimi nilishajiandaa kwa vita. Aligeuza lile furushi la plastiki, akasoma karatasi iliyobandikwa chini, akamwita mwenzake, naye akasoma. Wakaanza kucheka.

"Nini cha kuchekesha?" nikauliza kwa Kiingereza changu cha saluni.

Akanionyesha kwa kidole. Kwenye karatasi, kwa herufi ambazo sikuwa nimezisoma dukani, paliandikwa kwamba samaki yule ametoka Norwe. Tulikuwa tumembeba kutoka Johannesburg mpaka kwao. Yule afisa akamrudisha sandukuni kwa heshima, akampigapiga mgongoni, akasema, "Karibu nyumbani." Na sisi tulikuwa bado hatujaambiwa karibu.

Ndege ya kwenda kaskazini nayo ikachelewa, safari hii kwa theluji. Bibi mmoja Mnorwe aliyekaa jirani yetu akafungua kikopo chake cha chakula akampa Mama kipande cha mkate wenye jibini ya kahawia. Mama alikishika karibu na jicho, akakitazama kwa makini, akaninong'oneza, "Furaha, juu ya nini wanaweka sabuni kwenye mukate?" Nikamwambia ale, asitutie aibu. Akala. Kisha akanyoosha mkono akaomba kingine, na bibi yule alifurahi kana kwamba amepewa zawadi yeye.

Kwa Innocent

Tulishuka mchana, na mchana wenyewe ulikuwa giza. Katika majira yale jua halichomozi kule kabisa. Saa za katikati ya siku kunakuwa na mwanga wa buluu kidogo, kama alfajiri iliyobadili nia, halafu giza linarudi. Nilisikia hasira. Tumemleta mtu ambaye macho yake yamebakiza siku za kuhesabu kwenye nchi isiyo na mchana! Mama alisimama mlangoni mwa uwanja, akauliza bila kumlenga mtu, "Sasa jua lao wamelipeleka wapi?"

Innocent alikuja mbio akiwa amejifunga skafu mpaka puani. Alimkumbatia Mama, akalia, nami nikalia. Mama alimpapasa uso kwa glavu nene, akamshika mashavu yote mawili ili amtulize mbele ya jicho lake, lakini Innocent alikuwa ameshageuka kukimbilia mizigo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote pale kwake. Nyumba yake ni nzuri, ya mbao, ina joto kuliko yangu. Lakini Innocent ni mtu wa shughuli. Anafanya kazi kiwandani kwa zamu, ni shemasi kwenye kakanisa kao ka Wakongomani na Warundi, na simu yake hailali. Akiwa nyumbani anaosha vyombo, anapiga theluji koleo, anampigia mtu. Mama alikaa kwenye kiti karibu na jiko akiifuata sauti yake kwa kichwa, kushoto, kulia, kushoto. Na Innocent alipokuja kukaa mbele yake kuzungumza, aliinamisha uso kwa adabu, kama tulivyofundishwa wote, kwamba mtoto hamkodolei mzazi macho.

Siku ya kwanza tulimfungulia sanduku. Alipoona makayabu alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akakohoa.

"Mama," alisema, "unajua niko nafanya kazi gani kule kiwandani? Niko naweka samaki chumvi. Ni huyu! Pengine huyu nilimushika mimi kwa mikono yangu."

Nilitaka kuzama. Mama hakutikisika.

"Basi wewe ulitutumia," alisema, "na sisi tumekurudishia. Kaa ule."

Nilimloweka yule samaki msafiri, nikampika na nyanya na vitunguu, na sombe pembeni, na fufu ya muhogo. Tulikula kwa mkono, kutoka sahani moja kubwa, kama kule uani kwetu. Innocent alikumbusha siku mlima ulipomwaga jivu kwenye sombe ya jirani na jirani akasema ni chumvi ya Mungu. Akakumbusha Baba akirudi na chukudu yake, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, imejaa makaa, akituita kwa mluzi kutoka kona ya barabara. Baba amelala kule Goma, na tangu tuondoke hakuna aliyepalilia kaburi lake. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kwamba watatu tuliobaki tulikumbuka kitu kimoja kwa pamoja, na nilitamani jioni ile isiishe. Ikaisha, kwa sababu Innocent aliitwa zamu.

Basi la taa

Ziara yenyewe ilitakiwa kuwa siku ya tatu, ikaahirishwa kwa mawingu. Siku ya nne, mawingu. Ilikuwa imebaki jioni moja kabla ya safari ya kurudi, na Innocent alikuwa ameanza kutembea kwenye korido. Alikuwa ameahidi taa miaka na miaka, sasa Mama yuko hapa na mbingu imefunikwa kama chungu. Jioni ile ya mwisho wenye ziara wakasema basi litaondoka, litatafuta uwazi kwenye mawingu mpaka karibu na mpaka wa Finland.

Kwanza tulivishwa. Wanakupa ovaroli nene, buti kama ndoo, kofia, na kitambaa cha kuficha uso. Tulipomaliza hakuna aliyejulikana. Watalii wote tulikuwa mifuko ya rangi moja yenye macho. Nilimshika mkono mtu mmoja nikamvuta kuelekea basini nikimwambia, "Mama, angalia ngazi," naye alikuwa mzee wa Kijerumani.

Kiongozi wetu alikuwa binti aitwaye Ingrid, mchangamfu mno kwa hali ya hewa ile. Njiani alieleza mambo mengi kwenye kipaza sauti, na Innocent alinitafsiria. Mama alikuwa amelala begani kwangu, anakoroma taratibu. Jambo moja lilinishtua. Ingrid alisema tusitegemee rangi za kwenye picha. Kamera inakusanya mwanga mwingi, ndiyo inayoona kijani. Macho ya mtu, taa zikiwa hafifu, yanaona kitu cheupe tu, au kijivu, kama wingu jembamba.

"Hilo mbona hukutuambia kwenye simu?" nilimuuliza Innocent.

"Usimwambie Mama," akanijibu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Tukasimama mahali pa kwanza. Mawingu. Mahali pa pili, theluji ikaanza kutuangukia. Tulipanga mstari kando ya barabara, watu wazima na akili zao, tukitazama giza. Giza ninalo Troyeville, tena naletewa nyumbani kwa ratiba. Wenzetu walikuwa wamesimamisha kamera zao kwenye vyuma vya miguu mitatu, wananong'ona kama wako msibani. Mama aliuliza, "Ziko wapi?" Innocent alisema, "Bado, Mama. Zinakuja." Aliuliza tena, naye akajibu hivyohivyo, na niliona jinsi lile neno lilivyokuwa linamwia zito.

Moto na sala

Mahali pa tatu palikuwa bonde lenye ziwa lililoganda. Ingrid na dereva waliwasha moto mkubwa, wakatandika ngozi za kulungu wa kwao juu ya theluji, wakatugawia supu ya samaki. Watalii walichukua supu wakarudi kwenye kamera zao, mbali kidogo. Sisi watatu tulibaki motoni, mimi na Innocent tumeupa mgongo upande wa ziwa. Mama alikalishwa kwenye ngozi, Innocent akapiga magoti mbele yake, upande wa pili wa moto, akichochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

"Innocent," Mama alisema, "acha hizo kuni. Ombea hili wingu. Na usifupishe."

Mwambie shemasi asifupishe sala! Innocent aliinuka kama aliyepewa cheo. Sasa, kwetu mwanaume hasali na kofia kichwani, hata kuwe na nini. Akavua kofia ya ovaroli, akavua na kofia ya sufu iliyokuwa chini yake, akashusha kitambaa usoni na skafu shingoni. Ingrid alikuja mbio akipunga mikono, akisema masikio yatakufa kwa baridi. Innocent alimwashiria kwa upole angoje, akapiga magoti tena, akafumba macho.

Nami nikafumba. Mnajua tunavyosali sisi, si mmoja anasema wengine wanasikiliza. Kila mtu anapaza yake, mwenye kilio alie, kisha kiongozi anabeba zote. Nilimwomba Mungu kwa hasira, nikamwambia hii si haki, kwamba Mama hajaomba mali, ameomba kuona. Innocent alianza na wingu. Kutoka kwenye wingu alikwenda kwenye macho ya Mama, kisha kwenye mji wetu wa Goma na vita vyake, kwenye mlima, kwenye kaburi la Baba, kwenye saluni yangu, kwenye robot za Johannesburg. Katikati ya hapo nikasikia watalii kule nyuma wanapiga kelele. Nilidhani wamechoshwa na makelele yetu. Innocent naye nadhani alielewa hivyo, maana alipandisha sauti kuwashinda. Wao wakapiga kelele zaidi, naye akaongeza. Ingrid alimgusa bega, kama Innocent alivyoniambia baadaye. Yeye aliutikisa ule mkono ukaachia, akaendelea mpaka akafika mwisho wa dunia na kurudi.

"Amina," tukasema, tukafumbua macho, tukageuka.

Watalii walikuwa wanakumbatiana. Yule mzee wa Kijerumani alikuwa analia. Juu ya ziwa palikuwa na uwazi mkubwa kwenye mawingu, na ndani ya uwazi palikuwa na alama hafifu ya kijivu, kama mahali palipofutwa ubaoni. Tukiwa tunaitazama ikaisha, na wingu likajifunga. Mtu mmoja alikuja akinionyesha kioo cha kamera yake. Mbingu yote ilikuwa kijani, imejikunja kama pazia, na chini kabisa, karibu na moto, vivuli vitatu vimeinama vinasali.

Sala ilijibiwa, na sisi tulikuwa tumefumba macho.

Innocent aliitazama ile picha kwa muda. Kisha alikaa kwenye theluji, bila kofia, akajifunika uso kwa mikono.

"Nimekunyima, Mama," alisema. "Mimi mwenyewe."

"Vaa kofia," Mama alimwambia. "Mimi nimeona. Nimeona muzuri kabisa. Asante, mwanangu."

Innocent alinitazama, nami nikatazama moto. Tulijua sote wawili kwamba mama hakosi kumfariji mwanawe. Tukarudi basini. Ingrid alipita akigawa biskuti, na alipofika kwetu alitupa pakiti nzima.

Kurudi Troyeville

Njia ya kurudi haikuwa na kisa. Mama alisukumwa kwenye viwanja vyote kama malkia, na yule afisa mwenye ndevu nyekundu hatukumwona.

Tulipofika, mlikuja na maswali yenu, na Innocent naye alianza kupiga simu kila jioni kuomba radhi. Alituma picha za wale watalii, moja baada ya nyingine, zote za kijani. Mama alikataa kuzitazama. Juzi alipiga tena, akasema ataanza kutafuta namna ya kutuita upya mwakani. Alipokata, nilishindwa kujizuia. Umeme ulikuwa umekatika, tumekaa nje kwenye ngazi za chuma tukitafuta upepo, na mji mzima ulikuwa mweusi mpaka kule Marshalltown.

"Mama," nilisema, "mwambie ukweli. Mwambie hukuona kitu, alie mara moja ayamalize. Unamtesa."

"Ukweli gani? Niliona."

"Uliona nini?"

"Kitu cheupe," alisema. "Kama mvuke ukifunua sufuria ya fufu. Kilipita hapa, kikaenda. Batu wanasema kijani, mimi sikuona kijani."

Nikamgeukia. Maneno ya Ingrid kuhusu macho na kamera yalisemwa Mama akiwa anakoroma begani kwangu, na Innocent aliniomba nisimwambie. Sikuwa nimemwambia. Hakukuwa na mahali pengine pa kuupata ule mvuke mweupe, ila angani.

"Ulifumbua macho wakati wa sala?" nilimuuliza. Huyu ndiye mwanamke aliyetufinya masikio kanisani Goma kwa kosa hilohilo. Nilipata hata hofu.

"Sikuyafumba," alisema. "Yamebaki madogo, Furaha. Nitayafumba ya nini?"

"Na taa zilikuwaje? Kama mlima wetu?"

Alicheka. "Hapana, bana. Mulima wetu ulikuwa mwekundu, na uliweza kukupeleka choo. Ile ya kule ni ya kutazama mara moja. Nikatazama mara moja, nikarudi kwa Innocent."

Sikuelewa, nikamwambia sielewi.

"Siku zote zile pale kwake nilikuwa namutafuta," alisema. "Nikimupata, anageuka. Akikaa, anainama, na adabu hiyo ni mimi nilimufundisha. Halafu wakamuvalisha vitambaa, hata pua siioni. Lakini mutu akisali anatulia. Anavua kofia. Na moto ulikuwa unamumulika, mwekundu vile, kama zamani uani." Alinyoosha kidole gizani kana kwamba Innocent amepiga magoti pale kwenye ngazi. "Kidevu ni cha baba yenu. Kabisa! Mimi sikujua. Nilimuacha hana kidevu. Na lile kovu la chini ya jicho, alipoanguka kwenye mawe ya mulima, bado liko. Nilimutazama mpaka amina."

Nililia, nawaambia wazi. Niliwaza habari ya mawingu, na hasira zangu kwa Mungu, na kumbe muda wote huo ombi lilikuwa limeshajibiwa upande huu wa moto.

"Ndiyo maana ulimwambia asifupishe," nilisema.

"Innocent hajawahi kufupisha," alisema Mama. "Nilimukumbusha tu."

Nikachukua simu nimpigie papo hapo. Mama alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Usimwambie," alisema. "Akijua, siku nyingine atasali na macho wazi."